Nyota Huchaguliwa na Waliofungwa

Bwana mmoja mwenye faili alikuja kwenye kibanda changu cha cherehani hapa Munje, akaniuliza kama mechi yetu ya nyota ina historia. Nikamwambia inayo. Akauliza iko wapi. Nikamwonyesha kichwa changu. Akacheka, akaandika kitu kwenye faili lake, nami nikachungulia, kwa sababu mimi nilisoma ukubwani, na mtu aliyesoma ukubwani husoma hata yasiyomhusu. Aliandika: "Hakuna kumbukumbu."

Hakuna! Mechi inayokusanya watu laki moja kila Idi Pili. Sawa, tuseme elfu mbili. Lakini elfu mbili wa huku wakipiga kelele ni laki moja, na samaki wa kisiwani Funzi ni mashahidi wangu.

Madaftari ninayo, tisa, yamefungwa kwa kitambaa cha suti chini ya meza ya kukatia. Sikumwonyesha. Mtu anayeuliza huku anacheka hapewi daftari. Lakini alipoondoka nilikaa nikafikiri: huyu atarudi ofisini, atasema hatuna kitu, na kesho watatuletea historia iliyoandikwa kwingine, tuivae kama jezi ya kuazima. Basi naandika mwenyewe. Ninaanza na mwanzo, na sitaruka jina moja ambalo ningependa kuliruka.

Ligi yetu ina vijiji vinane. Barabara ya lami inayotoka Likoni kwenda Lunga Lunga inatugawa vinne kwa vinne. Walio upande wa bahari wanaitwa Chini ya Lami: sisi Munje, Bodo na wengine wawili. Walio upande wa mashamba wanaitwa Juu ya Lami. Ukunda wako pande zote mbili, kama mtu aliyelala katikati ya kitanda, kwa hiyo waliambiwa wachague, wakachagua Juu. Ligi humalizika kabla ya mfungo wa Ramadhani. Halafu Idi Pili, siku ya pili ya sikukuu, baada ya Alasiri, nyota wa Juu wanacheza na nyota wa Chini. Hakuna pointi, hakuna kushuka daraja. Kuna kuchekana tu hadi mwaka mwingine, na kwetu hilo linaumiza kuliko kushuka daraja.

Mwaka wa kwanza kamati iliketi ikachagua nyota. Kila mjumbe akachagua mpwa wake. Timu ya Chini ya Lami ilikuwa na wachezaji kumi na mmoja na wajomba kumi na mmoja. Hadi mapumziko milingoti ya goli ilikuwa imeng'olewa, na mmoja wa milingoti hiyo ulionekana baadaye umeshikilia paa la banda la mbuzi. Sitasema la nani. Mbuzi wenyewe walishakufa.

Aliyetuokoa ni nahodha wa Bodo wa enzi hizo, bonge la beki, mtu mwenye vidole vinene kama ndizi za mkono wa tembo. Vumbi lilipotulia alisimama katikati ya kiwanja, akaweka mkono wa kulia kifuani, akasema kwa sauti ambayo wallahi ilisikika Shimoni: "Mimi kamati haiwezi kuniambia nani anajua mpira. Mguu ulionifunga naujua mwenyewe. Nakiri: yule pale wa Msambweni alinipita mara tano, na mara ya tano nilikuwa nimeshamshika shati. Huyo ni nyota." Akanyosha kidole. Yule wa Msambweni akaanza kulia. Watu wakapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo hatuna kamati ya kuchagua. Tunakiri. Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo, manahodha wote wanane wanakuja kiwanjani. Mmoja mmoja anasimama katikati, mkono kifuani, bila kipaza sauti, anataja wachezaji watatu wa vijiji vingine waliomsumbua, na anaeleza walimfanyia nini. Wa kijiji chake haruhusiwi kumtaja. Jina lililokwisha kutajwa halirudiwi. Hesabu haijawahi kutoka sawa pande zote mbili: wanaozidi hukaa benchi, na nafasi zinazobaki hujazwa na yeyote mwenye njumu.

Kuna adabu moja ambayo haikuandikwa popote hadi nilipoiandika mimi. Mchezaji akimuumiza nahodha fulani kupita wote, manahodha wengine wanamwacha. Hawamtaji. Wanamwachia yule aliyeumizwa, kwa sababu jina hilo ni lake, ameligharamia kwa aibu yake. Shika hilo, msomaji, nitakuja kulihitaji.

Uzuri wa kukiri ni kwamba mtu hasifiwi na mama yake. Anasifiwa na adui, mbele ya watu, huku adui mwenyewe anatamani ardhi immeze. Nimeona wanaume wanaobeba magunia mawili ya nazi kwa mpigo wakishindwa kutoa jina moja. Wanawake wanaouza viazi karai pembeni ndio wanaowasukuma.

"Sema basi, bwana! Mafuta yanapoa!"

"Alikupiga chenga, hakukupiga talaka!"

Na mimi? Mimi ni kipa wa Munje na nahodha, mzee kuliko goli lenyewe. Nimedaka mikwaju ambayo ingeua ng'ombe. Lakini katika miaka yangu yote hakuna nahodha aliyewahi kunikiri. Mshambuliaji hakiri kipa. Ukimzuia, atasema mpira ulikuwa na maji, au upepo ulibadilika, au alikuwa anatoa pasi. Nilikata tamaa nikaamua kuwa karani. Hapo ndipo ngumbaru iliponiingia. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, najua kushona suti ya bwana harusi lakini sijui kuandika "bwana harusi". Nikajiunga na darasa la watu wazima, nikakaa dawati moja na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ananiibia majibu. Nilipopata cheti nilikitia fremu nikakitundika juu ya cherehani, na wateja wote walilazimika kukisoma kabla sijawapima. Tangu hapo daftari la kukiri ni langu. Kila mwaka naandika majina ya nyota kwa mwandiko ambao mwalimu wetu aliusifu kuwa unafanana na uzi wa mashine.

"Wewe ni kama mpishi wa harusi," mke wangu huniambia. "Unapika, unanusa, unarudi nyumbani na njaa."

"Bora anayenusa," namjibu.

Sasa twende kwenye jina.

Mwaka huu tulipata katibu mpya wa ligi. Ni mtu wa Ukunda, amepita thelathini kidogo, anafanya kazi ya kuwachezesha wageni michezo kwenye hoteli moja ya Diani, na anavaa saa inayohesabu hatua. Alituita kwenye mkutano katika darasa la shule ya msingi, manahodha na makarani, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio.

"Ndugu zangu," alisema, "hoteli itatupa jezi. Itatupa mpira mpya. Itatupa kipaza sauti. Inachotaka ni kimoja tu. Mashabiki wachague nyota wenyewe, kwa simu. Tunaweka picha, watu wanabonyeza, basi."

"Na kukiri?" nikauliza.

"Kukiri kumezeeka, fundi." Huku kila mtu ananiita fundi. "Simu haina mjomba. Simu haina shemeji."

Watu wakacheka, na niliona kicheko hicho kinaenda upande wake. Nikasimama, na dawati likasimama nami.

"Simu inahesabu wanaokupenda," nikasema. "Sisi tunahesabu uliowaumiza. Mtu mwenye marafiki wengi si lazima awe na mguu. Mngechagua kwa mapenzi, mimi ningekuwa nyota miaka ishirini, maana hakuna asiyenipenda!"

Kicheko kikarudi kwangu. Nikajiona nimeshinda. Lakini katibu hakucheka. Aliniangalia kwa utulivu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Fundi, tuambie. Wewe ndiye mwenye daftari. Kukiri kwenu hakujawahi kudanganya?"

Nahodha wa Bodo, mtoto wa yule beki wa vidole vinene, akatazama dari.

"Kamwe," nikasema.

"Haya," akasema katibu. "Kama kamwe, kamwe." Akafunga kitabu chake. Wakainua mikono, na jezi zikashinda kwa mikono mitano dhidi ya mitatu.

Niliudhika njia nzima. Nilikuwa nimesema uongo, na yeye alijua, na nahodha wa Bodo alijua, na pengine dari la shule lilijua.

Miaka sita kabla ya mkutano huo, katibu huyu alikuwa mshambuliaji wa Ukunda. Sijawahi kuona mchezaji kama yeye, na nasema hivyo mimi niliyeona kila kitu. Walikuja kwetu Munje wakatufunga manne, yote yake. La kwanza sikuliona. La pili niliona kivuli chake. La nne nilikuwa nimeshakata tamaa, kwa hiyo halihesabiki. Lakini la tatu! Alinizunguka, nikaanguka, akafika kwenye mstari wa goli na mpira mguuni, goli tupu. Akasimama. Akakanyaga mpira kwenye mstari, akageuka, akaniangalia nilipolala, akanisubiri. Nikainuka nikamkimbilia. Nilipobakisha hatua moja akausukuma ndani kwa kisigino, nami nikaanguka tena. Akanisaidia kuinuka mara ya pili.

Munje nzima ilicheka. Watu wangu! Mama mkwe wangu alicheka hadi wakampa maji. Kwa mwezi mzima nikipita dukani mtu anakanyaga nazi na kunisubiri.

Ijumaa ya kukiri ikafika. Manahodha saba walitangulia, na hakuna aliyemtaja yule kijana wa Ukunda. Si kwamba walimsahau. Walimwacha, kwa ile adabu niliyokwambia. Alikuwa wangu. Nami nilikuwa wa mwisho. Alisimama pembeni amevaa njumu mpya, amezifunga kamba vizuri kama anayekwenda kuposa. Watu walijua kuna kocha wa timu kubwa ya Mombasa atakuja Idi Pili kuangalia vijana.

Nikaweka mkono kifuani. Nikamtaja winga wa Msambweni. Nikamtaja kiungo wa Bodo. La tatu, nikamtaja beki wa Ukunda aliyecheza dakika kumi, nikasema alinisumbua kwenye kona moja. Beki mwenyewe alishangaa, akageuka nyuma kuangalia kama yuko mtu mwingine.

Watu waliguna. Kuna mwanamke alisema, "We fundi, we!" Lakini kukiri hakurudiwi. Nilikwenda kwenye daftari langu, nikaandika majina matatu kwa mwandiko wa uzi wa mashine, nikafunga. Yule kijana alikaa chini akafungua kamba za njumu. Idi Pili kocha alikuja, akaondoka na wawili. Yeye hakuonekana hata pembeni ya kiwanja. Msimu uliofuata aliajiriwa hotelini, na mpira wake ukaishia kuwarushia wageni kwenye bwawa.

Nilijiambia maneno mengi. Kwamba alinidharau. Kwamba mchezaji hufunga, hafundishi mtu adabu. Mke wangu alinisikiliza mara moja tu, akasema, "Ulimnyima jina lake kwa sababu ya kisigino," akaendelea kuchambua mchele. Hakulirudia tena. Hakuhitaji.

Basi kura ya simu ikafanyika Ramadhani nzima. Matokeo yakatoka siku tatu kabla ya Idi, na mimi niliyasoma mara mbili nikidhani nimesahau kusoma. Kati ya nyota ishirini na wawili, kumi na saba walitoka Ukunda, wengine wamehamishiwa Chini ya Lami ili timu itimie. Bodo walipata sifuri, kwa sababu huko ukitaka mtandao unasimama mahali pamoja tu, karibu na tangi la maji, na ukihema vibaya unapotea. Mshambuliaji aliyepata kura nyingi kuliko wote alikuwa kijana ambaye miaka miwili sasa yuko Arabuni anaendesha lori. Watu wanampenda kwa video zake anazocheza mpira jangwani. Nyota wetu mkuu, na hana hata nauli ya kuja!

Kesho yake nahodha wa Bodo akaja kibandani. Nilikuwa na kanzu za Idi zimenifika shingoni, mashine inapiga kelele. Alivuta kigoda akakaa.

"Fundi, sisi hatuiachi hii," akasema. "Idi Pili tunakwenda kiwanjani, manahodha wote. Tunasimama katikati tunakiri hapo hapo, mbele ya hizo jezi zao. Atakayetaka kucheza na acheze na tuliowakiri. Nimezungumza na Msambweni. Nimezungumza hata na nahodha wa Ukunda mwenyewe, naye anaona aibu."

Nikaruka kutoka kwenye kiti. "Sawasawa! Hivyo ndivyo wanavyosema wanaume! Nani anaweza kutuzuia kusimama kwenye mchanga wetu? Nitabeba daftari! Nitabeba meza!"

"Utaanza wewe."

Nikakaa. "Mimi huwa wa mwisho."

"Mwaka huu utaanza wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Yakhe," akasema, naye ni mdogo wangu kwa miaka kumi lakini siku hiyo alionekana kama baba yake, "unajua kwa nini. Watu wa Ukunda wanasema kukiri ni kwa watu wa kijicho. Na mfano wao ni mmoja tu. Akisimama mwingine yeyote, watauliza habari yako. Ukisimama wewe, hawana la kuuliza. Usiposimama, baba yangu alisema nini pale katikati? Alipoteza sauti bure."

Aliondoka bila kungoja jibu. Nilishona kanzu nane baada ya hapo, na tatu kati ya hizo zilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Wenyewe wakija kulalamika nitawaambia ndiyo mitindo.

Idi Pili kiwanja kilijaa hadi kwenye mapaa. Kanzu nyeupe, leso mpya bado zinanuka duka, watoto wana barafu za rangi mdomoni. Katibu alikuwa kwenye hema dogo na kipaza sauti, muziki unapigwa. Wale nyota wa simu walikuwa wanajinyosha katika jezi zao zinazong'aa. Mmoja alikuwa anajipiga picha akijinyosha.

Tukaingia. Manahodha wanane kwa mstari, nami mbele na daftari kwapani. Refa, ambaye ni mwalimu wa madrasa na mkali kuliko kadi yake nyekundu, alitazama saa.

"Mna dakika kumi," akasema. "Na mimi sikuwaona."

Katibu akasema kwenye kipaza sauti, "Tunaomba watu watoke katikati. Watu watoke katikati, tafadhali." Hakuna aliyetoka. Akaongeza muziki. Basi mama mmoja wa viazi karai, yule aliyeniambia "We fundi, we!" miaka sita iliyopita, akaenda taratibu na mwiko wake mkononi hadi kwenye jenereta, akainama, muziki ukakatika. Akarudi kwenye mafuta yake kama aliyekwenda kuzima taa jikoni.

Nikaweka mkono kifuani.

"Nakiri," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Hatusikii!" wakapiga kelele kutoka upande wa Ukunda.

"Nakiri!" Hiyo ilisikika, si Shimoni labda, lakini ilifika barabarani. "Miaka sita iliyopita alikuja Munje mshambuliaji wa Ukunda akanifunga manne. La tatu alisimama kwenye mstari akanisubiri. Sijawahi kuona mpira kama ule na sitauona. Alikuwa wangu kumtaja, na nyote mliniachia. Nikamnyima. Sikumtaja kwa sababu mlinicheka. Nikamtaja beki aliyecheza dakika kumi, na kama beki huyo yuko hapa anisamehe, maana hakunisumbua hata kidogo."

"Nilijua!" sauti ikatoka kwenye umati, na watu wakacheka.

"Kukiri hakukudanganya. Aliyedanganya ni mimi. Mkitaka kutupa kitu, nitupeni mimi, nina umri wa kutosha. Kukiri mkuache." Nikamnyoshea kidole katibu kwenye hema lake. "Huyo pale. Huyo ni nyota."

Katibu aliweka kipaza sauti chini. Akavuka mstari, akaja polepole na viatu vyake vya hoteli, saa yake ikimhesabia hatua, akasimama mbele yangu. Karibu kama siku ile ya goli la tatu, na safari hii pia ni mimi niliyekuwa nimelala, ingawa nilikuwa nimesimama.

"Umechelewa miaka sita," akasema.

"Najua."

"Kocha alikuwa amekaa pale." Akaonyesha kwa kidevu mahali penyewe, pembeni ya kona. "Nilisikia baadaye alimwuliza refa, yule wa manne yuko wapi."

Nikasema tu, "Leo uko kwenye timu. Kama utataka."

Hakusema ndiyo. Aligeuka akawaambia manahodha, "Endeleeni. Dakika zinakwisha." Na nahodha wa Ukunda akasimama, mkono kifuani, akawakiri Bodo wawili kwa mpigo, na hapo ndipo vigelegele vilipolipuka, kwani Bodo wote walikuwa wamekuja, pamoja na tangi lao la maji kama lingebebeka.

Katika wale nyota wa simu, tisa walivua jezi wenyewe wakawapa waliokiriwa. Watatu walikasirika wakaenda zao Ukunda na jezi za hoteli, na hadi leo wanazivaa sokoni. Waliobaki walikuwa wamekiriwa pia, kwa sababu simu nayo haikosei yote. Nafasi ya yule wa Arabuni ilibaki wazi upande wa Juu ya Lami.

Dakika ya sitini katibu alivua saa akampa refa. Akaazima njumu. Alikuwa na kitambi cha bafe la hotelini, ameshika pindo la jezi kwa chini ili lisipande, na alipokimbia mara ya kwanza watu wa Munje walishika vinywa. Alipata mpira mara nne. Mara ya kwanza ulimpita. Mara ya pili alianguka. Mara ya tatu alitoa pasi ambayo ilipita katikati ya watu watatu kama uzi kwenye tundu, na kiwanja kizima kikavuta pumzi. Mara ya nne alipiga, mpira ukaenda juu ya goli, juu ya watu, ukaangukia kwenye karai la viazi. Hiyo si chumvi yangu. Mama mwenyewe anaonyesha kovu la mafuta mkononi, na anajivunia.

Chini ya Lami walishinda mbili kwa moja. Sikudaka. Sikukiriwa na mtu mwaka huu pia. Nilikaa kwenye meza yangu naandika.

Mechi ilipokwisha alikuja mezani analoa jasho, amebeba njumu za watu mkononi.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika." Nikamwonyesha.

"Huo ni mwaka huu." Alikuwa anahema. "Mwaka huu nimepiga kiazi. Niandike mwaka ule."

Nikafungua kitambaa cha suti, nikatoa daftari la miaka sita nyuma. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi chini. Nikamwandika pembeni, wima, kando ya mstari mwekundu, kwa mwandiko mdogo. Alikaa akausoma. Halafu akaninyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe chini ya jina lake, kwa herufi za haraka za watu waliosoma utotoni: "Kachelewa kwa sababu ya kipa."

"Na kura ya simu?" nikamwuliza.

"Itabaki," akasema, akichukua saa yake kwa refa. "Watachagua rangi ya jezi."

Basi yule bwana wa faili akipita tena Munje na ayaone madaftari yote tisa, akitaka. Atakuta ukurasa mmoja wenye maneno pembeni ambayo si ya mwandiko wangu, yanayonisema vibaya, na yako kwenye kumbukumbu yangu mwenyewe. Mke wangu aliniuliza kama nitanakili ukurasa ule upya, uwe safi. Kalamu ninayo, karatasi ninayo, na hakuna wa kunizuia.

Sitaunakili.